Kufunga Injini Nyumbani: Tarehe ya Desturi Moja ya Wamarekani

Katika vitongoji vya Marekani, ubavuni mwa nyumba za watu wa kipato cha wastani, pana banda ambalo aghalabu halilazi gari la kwendea kazini, bali limetwaliwa na gari jingine, la miaka ya 1960 au mwanzo wa miaka ya 1970, lililopandishwa juu ya stendi za chuma, lisilo na boneti wala radieta wala injini, likingoja siku ambayo mwenyewe, akisaidiwa na jirani au mwanawe, ataitundika injini kwenye winchi na kuiteremsha mahali pake. Wamarekani huyaita magari hayo magari ya misuli, na waandishi wa habari zake hupenda kuieleza kazi hiyo kuwa ni kukihuisha kitu cha kale, yaani kukirejesha katika hali ile ile kilivyotoka kiwandani. Maelezo hayo nayaona kuwa ni nusu ya ukweli. Kutia injini katika gari nyumbani ni kazi iliyotangulia kuzaliwa kwa magari hayo, nayo ndiyo iliyoyazaa. Viwanda vya Detroit viliwaiga vijana wa uani kabla ya vijana wa uani kuviiga viwanda. Dai hili lataka ushahidi, na ushahidi wenyewe waanzia California.

Tarehe 31 Machi 1932, wakati dhiki ya uchumi imewakaba Wamarekani koo, Henry Ford alitoa gari lenye injini ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la herufi V, bloku lake likiwa limesubiwa kipande kimoja cha chuma. Ujazo wake ulikuwa inchi 221, yaani lita 3.6 hivi, na nguvu zake zilikuwa za farasi 65. Kabla ya hapo silinda 8 zilikuwa anasa ya matajiri. Ford akaziuza katika gari ambalo la bei ya chini halikufika dola 500. Vijana wa kusini mwa California hawakuwa hata na dola hizo, lakini mabanda ya chuma chakavu yalikuwa karibu nao, na Ford iliyopinduka barabarani, mwili umepondeka na injini ingali nzima, ilipatikana kwa fedha kidogo. Walikuwa wakiifungua injini hiyo na kuifunga katika Ford Model A kuukuu, gari jepesi lililoundwa kwa injini ya silinda 4, kisha wakalivua madigadi na kila uzito usiokuwa wa lazima, wakaenda kushindana katika jangwa la Muroc, ambako maji ya ziwa la kale yamekauka yakaacha sakafu ngumu, tambarare, isiyo mti wala mtu kwa maili nyingi.

Mashindano hayo ya mwanzo yalikuwa ya fujo: magari mengi yaliondoka pamoja, na aliye nyuma alikuwa akiendesha ndani ya wingu la vumbi asione mbele. Mwaka wa 1937 vyama vya vijana hao viliungana kuweka kanuni na vipimo vya mwendo, na tangu hapo lililokuwa mchezo wa wahuni machoni pa wazee likaanza kuwa elimu. Elimu yenyewe haikuwa nyepesi. Injini ya V ni fupi na pana kuliko ile iliyotolewa, mauntingi zake hazilingani na za chesisi, gia boksi yataka kuunganishwa kwa namna nyingine, na radieta iliyotosha silinda 4 huchemsha maji inapopewa silinda 8. Ilibidi kukata, kupima, kuchomelea, na kukata tena. Kijana aliyepita katika kazi hiyo alitoka na maarifa ambayo chuo cha ufundi kingempa kwa miaka, naye hakulipa ada isipokuwa ngozi ya vidole vyake.

Vita vikaja. Muroc ikatwaliwa na jeshi la anga, na vijana wenyewe wakatwaliwa na jeshi vile vile, wakapelekwa kutengeneza ndege, vifaru na malori. Waliporudi walikuwa wengi zaidi, wajuzi zaidi, na wenye akiba ya mshahara wa vita mfukoni. Wakahamia ziwa kavu la El Mirage wakaendelea. Januari 1948 Robert E. Petersen alianza kuchapisha jarida la Hot Rod, na kwa jarida hilo siri zilizokuwa zikipokezanwa kwa mdomo katika mabanda ya Los Angeles zikawafikia vijana wa Ohio na Georgia kwa picha na vipimo. Mwaka wa 1951 Wally Parks, aliyekuwa mhariri wa jarida hilo, aliasisi chama cha mashindano ya mwendo mfupi cha taifa zima. Basi desturi ikawa na mahali pake, kanuni zake na maandishi yake, ilhali Detroit bado ilikuwa inauza magari mazito ya kuwapeleka watu kanisani.

Lakini Detroit haikuwa imelala. Mwaka wa 1949 Oldsmobile ilitoa injini yake mpya ya V, vali zikiwa juu ya silinda badala ya kuwa ubavuni kama za Ford, na mwaka wa 1955 Chevrolet, chini ya mhandisi wake Ed Cole, ikatoa injini ya inchi 265 ambayo, ijapokuwa ilikuwa na silinda 8, ilikuwa nyepesi kuliko injini ya silinda 6 ya Chevrolet yenyewe. Toleo lile la kwanza lilikuwa na kasoro moja ya kuchekesha, kwani bloku lake halikutengewa mahali pa chujio la oili; ila kasoro hiyo ilirekebishwa upesi, na injini ikapewa ujazo wa 283, kisha 327, kisha 350, umbo lake la nje likibaki takriban lile lile. Katika jambo hili dogo la umbo la nje imo siri ya yote yaliyofuata. Injini kubwa inapokuwa na kimo, upana na mauntingi za injini ndogo, aliye na gari la injini ndogo amekwisha pata nusu ya gari la injini kubwa, na nusu iliyobaki ni usiku mmoja wa kazi.

Wahandisi wa Pontiac waliliona jambo hilo mwaka wa 1963. Gari lao la ukubwa wa kati, Tempest, lilikuwa likitiwa injini ya inchi 326. Gari lao kubwa lilikuwa likitiwa ya inchi 389. Na injini hizo mbili zililingana kwa nje na kushika mauntingi zile zile. John DeLorean, aliyekuwa mhandisi mkuu, pamoja na wenzake Bill Collins na Russ Gee, wakaiteremsha ile kubwa mahali pa ile ndogo, wakaliendesha gari, wakapendezwa. Pakawa na kizuizi: General Motors iliyakataza matawi yake kutia injini inayozidi inchi 330 katika magari ya ukubwa huo. Wakapata hila ya kisheria, kwani katazo lilihusu gari la kawaida wala halikutaja vifaa vya hiari, na kwa hiyo mwaka wa 1964 wakaiuza injini ile kama nyongeza ambayo mnunuzi huiagiza mwenyewe, wakaipa jina la GTO. Ilikuwa na nguvu za farasi 325, na mwaka ule wa kwanza yaliuzwa magari 32,450. Wengi huhesabu kwamba hapo ndipo gari la misuli lilipozaliwa. Naam, ila tazama kilichofanywa hasa: watu wazima wenye shahada na tai shingoni walichukua injini ya gari kubwa wakaifunga katika gari jepesi, kama walivyofanya vijana wa Muroc miaka 30 kabla yao.

Baada ya hapo kila kampuni ilikimbilia njia hiyo hiyo, wala sina haja ya kuyataja magari yote. Chrysler iliunda injini ya inchi 426 iitwayo Hemi kwa sababu ya vyumba vyake vya mwako vyenye umbo la nusu tufe, ikashika nafasi tatu za kwanza huko Daytona mwezi wa Februari 1964, kisha tangu magari ya 1966 ikauzwa kwa watu wa kawaida, kiwanda kikitangaza nguvu za farasi 425. Kinachonivutia mimi zaidi ni mwendo wa baadhi ya wauzaji wa magari, ambao wakati ule walisimama katikati ya kiwanda na uani. General Motors ilipokataa kutia injini inayozidi inchi 400 katika Camaro, Don Yenko, mwenye duka la Chevrolet katika mji mdogo wa Canonsburg, Pennsylvania, alianza mwaka wa 1967 kuyapokea magari mapya, kuyatoa injini ambazo hazijazeeka hata kidogo, na kuyatia za inchi 427. Nickey ya Chicago ilifanya vivyo hivyo. Mwaka wa 1969 Yenko alikishawishi kiwanda kumfanyia kazi hiyo kwa njia ya maagizo maalumu ya ofisi, na kwa mlango huo huo yakatoka magari 69 ya Camaro yenye injini ya aluminiamu iitwayo ZL1, ambayo peke yake ilizidi dola 4,000, zaidi ya bei ya gari lililoibeba.

Enzi hiyo ilikuwa fupi. Makampuni ya bima yaliwapandishia ada vijana hata ada ya mwaka ikawatisha kuliko bei ya gari. Sheria ya hewa safi ya mwaka wa 1970 ikavibana viwanda. Mwaka wa 1971 General Motors ikapunguza mgandamizo wa injini zake zote ili ziweze kutumia petroli ya kawaida. Mwaka wa 1972 namna ya kupima nguvu ikabadilishwa, na hesabu zilizokuwa zikitangazwa kwa majivuno zikapungua kwenye karatasi hata pale ambapo injini haikubadilika. Na mwezi wa Oktoba 1973 Waarabu wakazuia mafuta. Magari ya misuli yakawa mizigo. Wenyewe wakayauza kwa bei ya kutupa kwa vijana wa shule, na vijana wa shule wakayafanyia yale yanayotarajiwa. Injini zikapasuka. Iliyopasuka ikatolewa, na mahali pake ikatiwa yoyote iliyopatikana kwa urahisi, mara nyingi Chevrolet ya inchi 350 iliyotolewa katika pikapu au gari la familia. Kwa njia hiyo miili ya magari na injini zake za asili ziliachana kwa maelfu, na kuachana huko ndiko kunakowasumbua warejeshaji wa leo. Mafundi wa gereji zetu za Afrika Mashariki, ambao wamezoea kulifunga gari injini ya gari jingine kwa dhiki ya vipuri, wasingeona ajabu yoyote katika hayo.

Vijana wale wa shule walipofika umri wa miaka 40, wana nyumba, banda na fedha, walianza kuyatafuta magari ya ujana wao, na hapo ndipo urejeshaji wa nyumbani ulipokuwa shughuli ya taifa. Pakazuka maduka ya kuunda upya kila kipande, kutoka raba za milango hadi vibandiko vya karatasi, na mtu aliye mvumilivu akaweza kulikusanya gari zima kwa posta. Kazi ya injini, hata hivyo, haiji kwa posta.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kiwandani injini hizo aghalabu hazikuingizwa kwa juu. Chevelle na GTO zilijengwa kwa chesisi yenye injini juu yake tayari, na mwili ukateremshwa kuifunika. Magari ya Chrysler yasiyo na chesisi ya peke yake yaliteremshwa juu ya injini iliyokwisha fungwa katika mhimili wake pamoja na mikono ya magurudumu. Picha ya injini inayoning'inia hewani mbele ya gari, ambayo sasa imekuwa kama nembo ya urejeshaji, ni picha ya uani. Zamani mnyororo ulitundikwa kwenye boriti ya banda, au kwenye tawi la mti, au kwenye magogo matatu yaliyofungwa vichwa. Siku hizi hukodiwa winchi ya haidroliki yenye magurudumu, inayokunjwa na kubebwa kwa pikapu. Uzito haukubadilika: Chevrolet ndogo ya chuma ni zaidi ya kilo 250, na zile kubwa, Hemi miongoni mwao, huvuka 300 kwa mbali.

Kazi huanza kwa kuifunga injini na gia boksi pamoja chini, na hapo ndipo pana mtego wa kwanza. Gari lenye gia za otomatiki lina konveta, ambayo hujaa oili na kushika pampu iliyo ndani ya gia boksi kwa meno yake. Sharti isukumwe huku ikizungushwa kwa mkono, nayo huingia kwa hatua, kila hatua na mlio wake mzito, hata imalizike. Asiye na subira huona imeingia kumbe imesimama hatua moja kabla, akaanza kukaza bolti ili izivute nyumba mbili zikutane, na bolti kwa utiifu wake humvunjia pampu kabla injini haijawashwa. Mwenye hadhari huunganisha kwa vidole tu. Nyuso mbili zikikataa kukutana kwa vidole, hatii spana, bali hurudi nyuma kutafuta sababu.

Kisha boneti hutolewa, na kabla ya kutolewa bawaba zake huchorwa mstari wa penseli ili lirudi pale pale. Katika Chevrolet distributa iko nyuma kabisa, karibu na ukuta wa chuma unaomtenga abiria na moto, na kwa hiyo huchomolewa kwanza, maana injini huingia ikiwa imeinama, mkia chini na pua juu, na kofia ya distributa ndiyo ingegonga ukuta mwanzo. Hapo hutakiwa watu wawili: mmoja kwenye winchi akishusha kwa nukta, mmoja akiongoza kwa mikono, asiyesahau hata mara moja kwamba mkono wake haupaswi kuwa kati ya chuma kinachoshuka na chuma kilichotulia. Bolti za mauntingi huachwa zikiwa legevu hadi ya nyuma, ya gia boksi, imepata tundu lake. Anayekaza ya kwanza kabla ya kuona ya mwisho atailegeza tena.

Rangi nayo ina madhehebu. Bloku la Chevrolet hupakwa rangi ya machungwa, la Pontiac buluu, la Ford la tangu 1966 buluu ya namna yake, na warejeshaji wenye itikadi kali hubishana mpaka usiku juu ya iwapo kiwanda kilipaka rangi kabla au baada ya kufunga bomba za egzosti.

Mtihani wa mwisho ni kuwasha. Injini iliyosukwa upya haina oili katika mishipa yake, basi kabla ya kurudisha distributa hutiwa fimbo katika tundu lake na pampu ya oili huzungushwa kwa drili hadi geji ipande. Ndipo distributa hurudishwa, na nyaya za plagi, katika Chevrolet, hupangwa kwa mfuatano wa 1, 8, 4, 3, 6, 5, 7, 2. Kamshafti ya namna ya kale, yenye tapeti za uso bapa, haitaki kuachwa inguruma polepole siku ya kwanza; injini ikishika tu hupandishwa hadi mizunguko 2,000 au zaidi kwa dakika na kudumishwa hapo kwa dakika 20, ili oili irushwe juu ya meno ya kamshafti nayo yazoeane na tapeti. Oili za kisasa zina zinki chache kuliko za zamani, kwa sababu zinki na fosfori hudhuru mitambo ya kusafishia moshi, na kamshafti nyingi zimelika katika dakika hizo kwa mtu aliyenunua oili ya gari lake jipya.

Nimebakiza suala linalogawanya watu hao makundi mawili. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 viwanda vilizoea kupiga chapa sehemu ya nambari ya gari juu ya bloku la injini. Katika Chevrolet huipata kwenye kibao kidogo kilichosawazishwa, mbele ya kichwa cha silinda cha kulia. Chapa hiyo iliwekwa kwa ajili ya wezi na makarani. Minada ikaigeuza kuwa nasaba: gari ambalo nambari za injini na mwili zinaafikiana huuzwa kwa bei isiyokaribiana na ya pacha wake aliyepoteza injini, na jinsi fedha zilivyo nyingi yathibitika kwa Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971, yenye paa la kukunja, iliyouzwa Seattle mwaka wa 2014 kwa dola milioni 3.5. Pasipo shaka pakazuka waghushi, wenye kukwangua kibao na kupiga nambari mpya, na wajuzi wenye miwani ya kukuza, wanaotazama iwapo mikwaruzo midogo ya mashine ya kiwanda ingali pale chini ya tarakimu.

Sina ugomvi na mwenye injini ya asili anayeihifadhi. Ile ni hati ya zama zake. Ugomvi wangu ni na yule anayelidharau gari la jirani kwa kuwa injini yake ilitoka kwingine, kana kwamba GTO ya kwanza yenyewe haikuwa Tempest iliyotiwa injini ya gari jingine, na kana kwamba Camaro za Yenko, ambazo leo wanazisujudia, hazikung'olewa injini zake halali zingali mpya. Anayekwenda leo kwenye chuma chakavu akatwaa V8 ya kizazi kilichoanza na Corvette ya 1997, iliyotolewa katika pikapu ya Silverado iliyogongwa, akaifunga pamoja na kompyuta yake katika Chevelle ya 1968, ameshika mapokeo ya Muroc kuliko mwenye kulifungia gari lake katika chumba chenye hewa ya kupimwa. Analotakiwa ni moja tu, naye siku ya kuuza asilifiche: aandike kwenye karatasi injini ilikotoka. Wala hatakosa ya kufunga, kwani mwezi wa Novemba 2011 General Motors iliunda V8 yake ndogo ya milioni 100, ikihesabu tangu ile ya Ed Cole ya mwaka wa 1955.